Ubani wa Kulaza

Jirani yangu wa Kigobe, bibi wa miaka themanini na ushei, mji huu wa Bujumbura bado anauita Usumbura, jina lililoachwa baada ya uhuru wa 1962. Wenzake wa chuoni Buyenzi anawataja mmoja mmoja, na baba zao. Kama amekula mchana au hajala, hajui. Kila usiku binti yake hutia punje tatu za ubani katika kikombe cha maji, akakifunika kwa kisahani. Alfajiri maji yamekuwa meupe kama yaliyooshewa mchele, na bibi huyanywa kabla hajatia kitu kinywani.

Mti wa ubani huota mbali na hapa, kwenye majabali ya Dhofar na Somalia. Gome hukwanguliwa, utomvu ukachuruzika na kukauka. Dawa yenyewe ililetwa huku bara na Waswahili: wafanyabiashara wa njia ya Ujiji, kisha askari na jamaa zao waliokaa kando ya boma la Wajerumani. Buyenzi waliitunza vyuoni. Mtoto asiyeshika aya alilaziwa ubani. Akizidi uzito wa kichwa, aliandikiwa kombe kwa zafarani, likaoshwa kwa marashi, akanywa. Nami nililinywa. Hesabu haikuingia.

Maalimu wetu wakiulizwa, walimtaja Ibn al-Qayyim wa Damascus, aliyefariki 1350. Kitabu chake cha tiba ya Mtume kinaeleza ubani wa kulazwa usiku kwa ajili ya usahaulifu. Ila wengi hawafiki pale anapogawa usahaulifu mafungu mawili. Upo wa ubaridi na majimaji ya ubongo. Huo ndio wa ubani. Upo wa ukavu, ambao mwenye nao hukosa usingizi, hukumbuka ya zamani na kupoteza ya leo. Huo hutafutiwa vitu vya kulainisha. Elimu ya ubaridi na ukavu imepitwa, lakini lile swali la kwanza, unasahau nini na usiku unalala, hata daktari wa leo huliuliza.

Kopo la vidonge haliulizi. Mwanawe aliye Ulaya humletea bibi ginkgo, majani ya mti wa Uchina ambayo kampuni ya Schwabe ya Ujerumani ilianza kuyauza kama dawa mwaka 1965. Marekani waliyapima kwa wazee 3,069 wa miaka 75 kwenda juu: wengine ginkgo miligramu 120 mara mbili kwa siku, wengine vidonge vitupu, kwa takriban miaka sita. Majibu yalitoka 2008. Waliopatwa na maradhi ya kupoteza akili hawakupungua. Na kwa anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, ginkgo si ya kuchezea.

Mmea uliofaulu ni wa kimyakimya: galantamini, iliyotolewa katika maua ya Ulaya Mashariki miaka ya 1950, ikaruhusiwa Marekani 2001 kwa ugonjwa wa Alzheimer. Hupunguza makali kidogo, haiponyi, na huandikwa na daktari.

Juzi nilimuuliza binti yake kama mama analala.

“Halali, kaka. Usiku kucha yuko Usumbura.”

Kwa kitabu cha Damascus, basi, wake ni wa ukavu, na ubani haumhusu. Nilimwambia. Akacheka, akakifunika kikombe: mama anaipenda ile harufu.