Hyrule Ina Historia Ngapi?

Leo naweka kodi kando, nataka tuzungumze kuhusu mchezo wa video. Msikimbie! Mkifika mwisho mtaona kwamba mambo ya kazi yangu ya kuandika programu yamo humu humu.

Nina daftari moja la shule ambalo limedumu kuliko tarakilishi yoyote niliyowahi kumiliki. Ndani yake kuna mchoro wa mti. Kila tawi lina majina ya michezo ya The Legend of Zelda, na mishale inaonyesha kisa kipi kilitangulia na kipi kilifuata. Nilianza kuuchora 2003, baada ya kucheza Ocarina of Time kwa rafiki ambaye mjomba wake alimletea Nintendo 64 kutoka ng'ambo. Michezo mingine niliisoma tu kwenye saiba, shilingi moja kwa dakika, macho kwenye skrini na sikio kwenye mfuko. Nikafuta, nikachora tena, miaka minane. Kisha mwishoni mwa 2011 wenye mchezo wakatoa mti wao, nao haukufanana na wangu.

Nilinuna wiki nzima.

Tuanze mwanzo kabisa. Mchezo wa kwanza ulitoka Japani tarehe 21 Februari 1986. Waliouongoza ni Shigeru Miyamoto na Takashi Tezuka. Kisa ni chepesi: kijana Link anamwokoa binti mfalme Zelda kutoka kwa Ganon, katika nchi iitwayo Hyrule. Wa pili ukaja 1987, na Link ni yule yule, sasa ana miaka 16. Lakini kijitabu cha huo wa pili kilikuja na jambo geni. Kilieleza kwamba zamani sana kulikuwa na Zelda mwingine aliyelazwa usingizi wa kichawi, na kaka yake akaamuru kila binti atakayezaliwa katika ukoo wa mfalme aitwe Zelda. Yaani tayari mlango ulikuwa wazi: Zelda si mmoja.

Mwaka 1991 ikaja A Link to the Past. Kasha lake la Amerika lilisema kwamba hawa ni watangulizi wa Link na Zelda tunaowajua. Sawa. Wa tatu kutoka, wa kwanza katika hadithi. Mchezo huu pia ulieleza vita vya kale. Ganon aliishika Triforce nzima, zile pembetatu tatu za dhahabu zinazompa mtu matakwa yake, na wazee saba wa hekima wakamfungia huko alikokuwa. Askari wa mfalme walikufa karibu wote wakiwalinda wazee hao. Shujaa? Hakuonekana.

Kumbukeni maneno hayo mawili: Triforce nzima, na shujaa hakuonekana. Ndiyo yaliyokuja kuniumbua.

Sasa 1998, Ocarina of Time. Ilikusudiwa kutuonyesha asili ya mambo hayo ya kale. Link mtoto anachomoa upanga, analala miaka 7, anaamka mtu mzima, anampiga Ganon, wazee wa hekima wanamfungia. Lakini angalieni yasiyolingana. Vile vita vikubwa havipo. Shujaa yupo. Na Triforce imegawanyika vipande vitatu: kimoja kwa Ganon, kimoja kwa Zelda, kimoja kwa Link. Halafu mwisho wenyewe! Zelda anamrudisha Link utotoni. Tunawaona watu wazima wakisherehekea bila yeye, kisha tunamwona Link mtoto akimwendea Zelda mtoto kwenye bustani ya ikulu. Je, ile dunia ya watu wazima ilifutika, au inaendelea?

Mwaka huo huo Miyamoto aliulizwa mpangilio katika mahojiano. Akajibu: Ocarina kwanza, kisha mchezo wa 1986, kisha wa 1987, kisha A Link to the Past. Hii inapingana moja kwa moja na kasha la mchezo! Nani aaminiwe, kasha au baba wa mchezo?

Hapo ndipo neno kanoni linapoingia. Kanisani ni orodha ya vitabu vinavyokubalika kuwa maandiko. Kwenye hadithi za kubuni mzaha huo ni wa zamani. Mwaka 1911 Ronald Knox, Mwingereza, alizichambua hadithi za Sherlock Holmes kwa mbinu za wasomi wa Biblia, akitafuta migongano kama vile ni maandiko matakatifu. Mashabiki wa Holmes wakaichukua michezo hiyo kwa moyo wote, na neno likasambaa. Mashabiki wa Zelda walifanya vivyo hivyo, ila maandiko yao yalikuwa ndani ya katriji.

Wakagawanyika kambi mbili. Kambi ya kwanza ilitaka mstari mmoja ulionyooka. Ya pili ilisema safari ya Link kurudi utotoni ilizaa dunia mbili. Mimi nilikuwa kambi ya pili, na tulishinda. Mwaka 2002 ikatoka The Wind Waker: Hyrule imezama chini ya bahari, kwa sababu Ganon alirudi na yule shujaa aliyeondoka hakurudi. Eiji Aonuma, aliyeiongoza, alieleza kwamba kisa kinatokea zaidi ya miaka 100 baada ya ule mwisho wa Link mtu mzima. Mwaka 2006 ikaja Twilight Princess, nayo Aonuma akaiweka upande wa pili, ule wa Link mtoto. Matawi mawili, tena kwa kinywa cha mwenye mchezo. Nilitamba sana nyumbani.

Kwenye daftari langu, michezo ya 1986, 1987 na 1991 niliiweka upande wa utotoni, baada ya Twilight Princess. Pembeni ya A Link to the Past nikaweka kinyota kidogo kwa penseli.

Tarehe 21 Desemba 2011 kitabu Hyrule Historia kikatoka Japani. Ndani yake mna mti rasmi, na mti huo una matawi matatu. Mawili ni yale yale tuliyoyajua. La tatu linaanza pale ambapo Link anashindwa na kufa katika Ocarina of Time. Na ile michezo yote ya zamani imewekwa kwenye tawi hilo.

Mashabiki wengi walikasirika, mimi nikiwa mstari wa mbele. Tulisema hii ni hila. Ocarina haina mwisho ambapo Link anashindwa. Kuna ile skrini tu ya kuonyesha umekufa, halafu unaanza tena. Kama kila kufa kwa mchezaji kunazaa dunia mpya, basi mimi peke yangu nimezaa mamia! Na kwa nini kushindwa huko kuzae tawi katika mchezo huu na si mingine?

Ndugu yangu mdogo, ambaye hata hapendi michezo hii, alilichukua daftari, akalitazama, akauliza: "Kaka, na hii nyota ni ya nini?"

Nikamwambia ni jambo dogo. Akasisitiza. Nikaanza kumweleza kwamba hapo Ganon ana Triforce nzima, wakati katika Ocarina imegawanyika vipande vitatu, na sikuwa nimepata jibu la jinsi alivyoipata yote. "Na huyo shujaa hayupo?" Hayupo, nikasema. "Basi si ni kwa sababu ameshakufa?"

Nilinyamaza. Link akishindwa, Ganon anachukua kipande chake na cha Zelda, anakuwa na Triforce nzima. Wazee wa hekima wanabaki na njia moja tu, kumfungia na vyote alivyo navyo. Askari wanakufa kwa wingi kwa sababu hakuna shujaa wa kuwakinga. Lile tawi la tatu, hata kama mzizi wake ni wa kulazimisha, linajibu maswali mawili ambayo mti wangu uliyaficha chini ya kinyota. Miaka minane nilikuwa najua kuna kosa, na nikaliita jambo dogo.

Sasa msidhani namaliza kwa kusema wenye mchezo ndio wenye haki. Kitabu chenyewe kinakiri kwamba mpangilio unaweza kubadilika. Na ulibadilika: mwaka 2018 tovuti ya Nintendo ya Japani iliitanguliza Link's Awakening kabla ya ile michezo miwili ya Oracle, kinyume cha kitabu. Kabla ya hapo, Machi 2017, ilitoka Breath of the Wild, na huo mchezo ulivuruga matawi yote. Chumvi ya mawe unayookota imeelezwa kuwa ya bahari ya kale, kana kwamba mafuriko ya The Wind Waker yalipita hapo. Wakorok, wale viumbe wa msitu, wapo pia. Lakini The Wind Waker inasema Warito walitokana na Wazora, na hapa makabila yote mawili yanaishi kwa wakati mmoja. Watengenezaji waliuweka mwisho kabisa wa historia bila kuufunga kwenye tawi lolote, wakawaachia wachezaji wafikiri wenyewe. Tears of the Kingdom ya 2023 ikaongeza mfalme wa kwanza wa Hyrule na vita vingine vya kumfungia adui, na mwaka 2024 Nintendo ikaonyesha kwamba michezo hiyo miwili imesimama kando ya mti.

Mimi naona hivi. Hakuna aliyeketi 1986 akapanga historia hii. Kila mchezo ulitengenezwa kwanza uchezeke vizuri, na historia ikafuata nyuma ikizoa vipande. Ni kama programu ya zamani iliyoandikwa na watu wengi, halafu baada ya miaka 25 mtu anaandika maelezo yake. Anayefanya kazi yangu anajua: ukitaka kujua programu inafanya nini, soma kodi. Maelezo ni maoni ya mtu kuhusu kodi, hata kama mtu huyo ndiye aliyeiandika. Kasha la 1992, mahojiano ya 1998, kitabu cha 2011, tovuti ya 2018, yote hayo ni maelezo. Mchezo ndio kodi.

Lakini sheria hiyo inanibana na mimi pia. Nadharia ya shabiki haipimwi kwa kukubaliwa na kampuni, wala kwa miaka aliyoipenda mwenyewe. Inapimwa kwa vinyota. Imeeleza mangapi yaliyo ndani ya mchezo, na imeficha mangapi pembeni kwa penseli?

Siku hizi nikipitia kodi ya kijana kazini na kukuta maelezo yanayosema "hii tutarekebisha baadaye", namuuliza swali la mdogo wangu: na hii nyota ni ya nini? Mara nyingi ndipo kosa lenyewe lilipo.

Daftari bado ninalo. Ukurasa wa mwisho una matawi matatu na kisanduku kimoja kilichosimama peke yake, bila mshale. Kina vinyota vinne. Mwenye jibu aniandikie, ila aje na ushahidi kutoka ndani ya mchezo, si kutoka kwenye kasha!