Kupwa Si Kupukutika: Vitenzi vya Upungufu wa Polepole katika Kiingereza na Tafsiri Yake

"Mvua ilipungua, umati ukapungua, kelele zikapungua." Ndivyo alivyoandika mwanafunzi wangu mmoja wa somo la tafsiri, na kisarufi hakukosea hata herufi. Lakini matini ya Kiingereza iliyokuwa mbele yake ilikuwa na vitenzi vitatu: mvua ilitumiwa "abate", umati "dwindle", kelele "subside". Cha kwanza kimetoka Kifaransa cha kale, na asili yake ni kupiga kitu hadi kikaanguka. Cha pili ni cha Kiingereza chenyewe, jamaa yake ni kukonda na kunyauka. Cha tatu ni cha Kilatini, maana yake kuketi chini. Hadithi tatu zimegeuka moja.

Nashikilia kwamba vitenzi hivi hutofautiana zaidi kwa hadithi ya upungufu kuliko kwa kiasi chake: nani ameusababisha, kitu kinaelekea wapi, na je, kitarudi? Kamusi za visawe hazituambii hayo. Peter Mark Roget, daktari, alipochapisha kitabu chake cha visawe jijini London mwaka 1852, aliyapanga maneno kwa dhana bila kuyafafanua. Mpango huo humfaa anayeyajua maneno tayari na limemtoka moja tu. Anayejifunza lugha huuona kama kapu la machungwa, achukue lolote.

Tukitazame "dwindle" kwa karibu. Kiishio chake "-le" ni kile cha kurudiarudia, kama "crackle" kutokana na "crack". Upole wa tendo umo ndani ya umbo la neno, kama sisi tunavyosema "megeka megeka". Shakespeare anampa kitenzi hiki Falstaff, yule bwana mnene wa Henry IV, sehemu ya kwanza, anapolalamika kuwa amekonda hata ngozi inampwaya kama gauni kubwa. Ndipo mahali pake: akiba ya chakula, idadi ya watu, mwili unaoliwa kidogo kidogo. Homa haitumiwi kitenzi hiki, kwa sababu homa haina akiba ya kuliwa.

"Ebb" ni jambo jingine kabisa, na hapa Kiswahili hakina deni. Tuna kupwa, na jina lenyewe la pwani limo humo. Maji yaliyopwa hujaa tena baada ya saa sita hivi. Mvuvi aliyepwelewa mashuani hukaa akangoja. Kwa hiyo mwandishi wa Kiingereza akisema matumaini ya watu yanapwa na kujaa, amewaachia mlango wa kurudi. Akiongeza kijineno "away", mlango umefungwa: nguvu za mgonjwa zinazopwa hivyo haziji tena. Vijineno hivi ni uti wa mgongo wa Kiingereza, na wanafunzi wetu huviruka kama vumbi. Chukua kitenzi cha kufa, "die". Kwa "down", moto umelala majivuni na ukipulizwa utawaka. Kwa "out", ukoo au lugha imetoweka. Kwa "off", wanapukutika mmoja baada ya mwingine. Kwa "away", sauti ya ngoma inafifia mbali. Majivu, kutoweka, kupukutika, kufifia: vyote tunavyo, ila havikutafutwa.

Kosa huwa na gharama. "Taper" kilizaliwa kutokana na jina la mshumaa wa nta, mwembamba, unaochongoka kuelekea ncha. Mei 2013 Ben Bernanke, mwenyekiti wa Benki Kuu ya Marekani, aliliambia Bunge la nchi yake kwamba huenda benki ikashusha kasi ya kununua dhamana, wakati huo dola bilioni 85 kwa mwezi. Magazeti yakaliita jambo hilo kwa kitenzi cha mshumaa. Kununua kulianza kushuka Januari 2014, hatua kwa hatua, na kukakoma Oktoba mwaka huohuo. Miezi yote hiyo rundo la dhamana lilikuwa likiongezeka. Kilichochongoka ni kasi ya kuongeza. Anayeandika kwamba benki "ilipunguza dhamana" amemwambia msomaji kwamba iliziuza, kinyume cha mambo. Kitenzi hicho hicho hutumika kwa dawa. Aliyemeza prednisolone kwa miezi hashauriwi kuacha ghafla, kwani tezi zake zimezoea kusaidiwa. Neno "punguza" peke yake kwenye karatasi ya maelekezo laweza kusomwa kuwa punguza leo, mara moja, yaishe.

Hata hivyo "pungua" lina hazina yake. Waingereza wakisema chakula kime-"dwindle", hakuna mtu ndani ya kitenzi. Sisi tuna kupungua, kupunguza, kupunguzwa, na kile ninachokipenda kuliko vyote, kupungukiwa: mwenye njaa ameingia ndani ya neno lenyewe. Mfasiri mahiri atapata humo kitu ambacho matini asilia haikuwa nacho, na atajizuia kukitia pale ambapo mwandishi amekusudia kumficha mhusika.

Wapo watakaosema kwamba waandishi wa Kiingereza nao hubadilisha vitenzi kwa urembo tu. Ni kweli, na H. W. Fowler, mwandishi wa miongozo ya matumizi ya Kiingereza, aliikemea tabia hiyo tangu mwanzo wa karne ya 20. Taarifa ya biashara inayotumia vitenzi vinne kwa bei ileile ya mafuta inastahili "pungua" mara nne. Lakini kujua kuwa ni urembo kunahitaji kwanza kujua kila kitenzi kilikuwa na kazi gani.

Yule mwanafunzi aliirudia kazi yake. "Mvua ikageuka manyunyu, watu wakaondoka mmoja mmoja hadi wakabaki wa kuhesabika, kelele zikatulia." Kitenzi cha katikati kimekuwa sentensi karibu nzima, nami sikukigusa.