Usafi Haukutosha

Mwaka 1945 daktari René Spitz alilinganisha watoto wachanga wa makundi mawili: waliozaliwa na wanawake wafungwa, na waliolelewa katika kituo cha watoto. Kituo kilikuwa kisafi na chakula kilikuwepo, ila muuguzi mmoja alihudumia watoto wapatao wanane, na shuka zilizotundikwa kandokando ya vitanda ziliwaziba wasione chochote isipokuwa dari. Gerezani kila mama alimlea mwanawe kwa mikono yake. Watoto wa gerezani walinawiri. Wa kituoni walinyong'onyea, na katika miaka miwili zaidi ya theluthi moja walifariki. Nashikilia kwamba somo lile bado halijatuingia. Tunapozungumzia afya ya akili ya mtoto wa kituoni tunakimbilia kuuliza ana nini, wakati la kuuliza kwanza ni ana nani.

Wapo waliodai vipimo vya Spitz vilikuwa hafifu, na hawakukosea. Ushahidi mzito zaidi ulitoka Romania, ambako amri ya mwaka 1966 ya kiongozi wa nchi, Nicolae Ceaușescu, ilipiga marufuku utoaji mimba, umaskini ukazidi, na vituo vya serikali vikafurika watoto. Kuanzia mwaka 2000 watafiti Charles Nelson, Nathan Fox na Charles Zeanah waliwafuatilia watoto 136 wa vituo vya Bucharest. Kwa kura, nusu wakapelekwa kwenye familia za malezi. Kura hiyo inauma ukiifikiria, ingawa nchini humo familia za namna hiyo zilikuwa haba mno, na hakuna aliyezuiwa kuondoka kituoni nafasi ilipopatikana. Walipokaribia miaka mitano, waliopata familia walikuwa na wasiwasi na sononi pungufu kuliko wenzao. Waliotoka kabla ya kutimiza miaka miwili ndio waliojenga mshikamano imara zaidi na mlezi.

Pingamizi kubwa linatoka karibu na kwetu. Utafiti wa mwaka 2009 katika nchi tano, Kenya na Tanzania zikiwemo, ulikuta watoto wa vituoni hawako katika hali mbaya kuliko yatima na watoto walioachwa wanaolelewa katika jamii zao. Siupuuzi: nyumba ya ndugu nayo yaweza kuwa na njaa na kipigo. Lakini watoto wale walikuwa wa miaka 6 hadi 12, umri ambao wengi wanaweza kuwa walishaonja malezi ya mtu wao kabla ya kufika kituoni. Utafiti mwingine wa Tanzania, uliotoka mwaka 2014, ulitenganisha walioingia vituoni kabla ya miaka mitano na walioingia baadaye. Wa mwanzo ndio waliopigwa na kunyanyaswa zaidi humo, na ndio waliosumbuka zaidi kiakili. Mwaka uliofuata yakachapishwa matokeo ya mafunzo ya majuma mawili kwa walezi wa vituoni: namna ya kumsikiliza mtoto, kumwonya bila fimbo, kujenga naye ukaribu. Kundi lilikuwa dogo na halikuwa na la kulinganishwa nalo, lakini baada ya mafunzo watoto wenyewe waliripoti kupigwa mara chache zaidi, na matatizo yao ya akili yakapungua.