Wapima Ndege kwa Rula

Mwaka 2014 kampuni ya Eduard, ya Jamhuri ya Czech, ilitoa modeli ya plastiki iliyokuwa imesubiriwa kwa hamu kubwa: ndege ya kivita ya Ujerumani, Messerschmitt Bf 109 G-6, kwa skeli ya 1/48. Ndege halisi ilikuwa na mabawa ya mita 9.92 kutoka ncha hadi ncha. Gawanya kwa 48, unapata milimita 207 kasoro kidogo. Wanunuzi walifungua masanduku, wakatoa rula, wakapima, wakarudia kupima. Ndege ilikuwa kubwa mno.

Ilizidi kwa milimita chache tu. Ungeiweka juu ya kabati la sebuleni, hakuna mgeni ambaye angegundua. Mistari ya mabati ilichongwa vizuri, chumba cha rubani kilijaa vijisehemu vya kupendeza, na wapo waliosema wenzao waache kelele, wagundishe ndege yao na kuipaka rangi. Hawakusikilizwa. Lawama zilizidi hadi kampuni yenyewe ikakiri kosa, ikachonga kalibu mpya, na mwaka 2016 ikatoa G-6 nyingine yenye vipimo sahihi. Kalibu hizi ni za chuma, nazo ndizo zinazobeba sehemu kubwa ya gharama ya modeli. Plastiki yenyewe ni ya bei nafuu. Kuiweka kando kalibu uliyoichonga juzi ni hasara ya kweli.

Waingereza huwaita watu wa namna hii wahesabu ribiti, nalo si jina la heshima. Mimi naona wamekosewa adabu. Biashara hii ya kuuza vita ndani ya sanduku imefika hapa ilipo kwa kusukumwa na manung'uniko yao, na ukitaka kujua tabia hiyo imetoka wapi, lazima urudi nyuma ya plastiki yenyewe.

Mwaka 1932, nchini Uingereza, James Hay Stevens alianzisha ndege ndogo za mbao zilizoitwa Skybirds kwa skeli ya 1/72. Hesabu yake ni nyepesi kwa mtu wa inchi na futi: inchi moja inasimama mahali pa futi sita, yaani mtu mrefu anakuwa na kimo cha inchi moja. Mwaka 1936 zikafuata Penguin za kampuni ya Frog, modeli za plastiki za kuunganisha, kwa skeli ileile. Kisha vikaja Vita vya Pili vya Dunia. Wapiga mizinga na marubani walihitaji kuitambua ndege kwa kivuli chake tu, kwa hiyo majeshi yakaanza kufundishia kwa modeli. Mwaka 1942 Jeshi la Majini la Marekani liliwaomba wanafunzi wa shule kuchonga ndege 500,000 za mbao kwa kazi hiyo. Fikiria mwalimu wa ufundi akiipima kazi ya kijana wa miaka 15 na kuikataa kwa sababu ncha ya bawa imezidi unene. Hakuwa anatafuta urembo. Askari aliyezoea umbo lenye kasoro angeweza kutungua ndege ya upande wake.

Airfix, jina ambalo nchini Uingereza limekuwa kama jina la modeli zote, halikutoka huko hata kidogo. Nicholas Kove, mhamiaji kutoka Hungaria, aliianzisha kampuni hiyo mwaka 1939 ili kuuza vitu vya mpira vya kujazwa upepo, na jina alilichagua lianze na A ili litangulie katika orodha za biashara. Baada ya vita alinunua mashine ya kusindika plastiki akawa anatengeneza vitana. Mwaka 1949 kampuni ya Ferguson ilimwagiza trekta dogo la plastiki kwa ajili ya wauzaji wake. Kuliunganisha kiwandani kulikuwa kazi ya kuchosha, basi baadaye likauzwa vipande vipande, mnunuzi ajiunganishie. Mwaka 1952 ikafuata Golden Hind, meli ya Francis Drake, ndani ya mfuko, shilingi 2 katika maduka ya Woolworths. Muda mfupi baadaye wasaidizi wa Kove walipomletea wazo la ndege ya kivita, Spitfire, hakuamini kama ingeuzika. Alitishia kuwatoza wao gharama ya kalibu. Ndege yenyewe ilikuwa nakala iliyopunguzwa ya modeli ya kampuni ya Aurora ya Marekani, na makosa ya Aurora yakahamia London pamoja nayo. Iliuzika vilevile. Baadaye Airfix ilichonga Spitfire nyingine, na nyingine tena, na kila toleo jipya lilikuwa kama kuungama dhambi za lililotangulia.

Wajapani waliingia kwa njia yao. Katika mji wa Shizuoka, Yoshio Tamiya alikuwa na kiwanda cha kupasua mbao tangu 1946. Moto uliteketeza kiwanda mwaka 1951, na miaka miwili baadaye akaachana na mbao za ujenzi ili kutengeneza modeli za mbao peke yake. Plastiki ilipoanza kufagia soko, Tamiya walijibu mwaka 1960 kwa manowari ya Yamato, wakashindwa: mshindani alitoa Yamato yake kwa bei ya chini. Jaribio la pili lilikuwa kifaru cha Ujerumani, Panther, chenye mota na betri ili kiweze kutambaa sakafuni. Picha ya sanduku ilichorwa na Shigeru Komatsuzaki, na kifaru kikauzika sana.

Hapo ndipo penye kisa ninachokipenda kuliko vyote katika historia hii. Shunsaku, mtoto wa Yoshio, alisimulia kwamba ukubwa wa Panther ile haukutokana na hesabu yoyote ya heshima. Kifaru kilipaswa kuwa na nafasi ya betri na mota, basi. Walipokuja kukipima wakakuta ni karibu 1/35. Waingereza walikuwa na vifaru vya 1/76, Wamarekani walikuwa na vya 1/32. 1/35 haikuwa kipimo kilichozoeleka. Lakini Tamiya wakaishikilia, mwaka 1968 wakaanza mfululizo wa askari na magari ya kijeshi kwa skeli hiyo, wakaanza kusafiri kwenda kupiga picha na kupima vifaru halisi katika majumba ya makumbusho, na leo Waitaliano, Wachina na Waukraine wote wanachonga vifaru vya 1/35. Ulimwengu mzima wa wapimaji, watu wanaogombania nusu milimita, unatembea juu ya kipimo kilichoamuliwa na tundu la betri.

Kuna waliokasirishwa na usahihi badala ya kasoro. Mwaka 1961 Revell ya Marekani ilitoa nyambizi ya makombora ya Polaris iliyofunguka ubavuni, mtu akaona vyumba vya ndani. Admirali Hyman Rickover, mkuu wa mradi wa nyambizi za nyuklia, alilalamika kwamba kwa dola 2.98 Warusi walikuwa wanapata siri za thamani kubwa. Robo karne baadaye, mwaka 1986, Testors ilitoa F-19, ndege isiyonaswa na rada, iliyobuniwa na John Andrews kwa kuunganisha fununu na akili yake. Iliuzwa kwa wingi wa ajabu, na wabunge mjini Washington wakahoji inakuwaje mtoto anunue dukani kile ambacho wao hawaruhusiwi kukiona. Novemba 1988 serikali ikaonyesha picha ya ndege halisi, F-117. Ya Andrews ilikuwa ya mviringo na laini. Ya kweli ilikuwa na kingo kali kama jiwe lililochongwa. Kwa miaka miwili maelfu ya watu walikuwa na ndege ambayo hapakuwa na kitu cha kuipimia.

Watoto, wateja wa kwanza, waliondoka taratibu. Airfix ilifilisika mwaka 1981, ikapita mikono kadhaa, na mwaka 2006 mmiliki wake, Humbrol, naye akaanguka. Kalibu nyingi zilikuwa Ufaransa katika kiwanda cha Heller, na Hornby walioinunua kampuni walilazimika kuzifuata huko. Walionunua modeli miaka hiyo walikuwa watu wazima waliokuwa watoto wakati wa Roy Cross, mchoraji wa masanduku ya Airfix aliyefariki mwaka 2024 akiwa na miaka 100. Mtoto alinunua picha ya moto na moshi, akakuta ndani vipande vya kijivu. Mtu mzima anakumbuka picha, ila sasa ana rula.

Ndiyo maana kalenda yao imekuwa ya kusubiri. Januari Airfix hutangaza ndege za mwaka. Mwishoni mwa mwezi huohuo au mwanzoni mwa Februari ni maonyesho ya vitu vya kuchezea ya Nuremberg. Mei ni Shizuoka. Novemba ni Telford, Uingereza, kwenye mkutano mkubwa wa IPMS, chama cha wapenzi wa modeli kilichoanzishwa 1963. Kinachotangazwa mara nyingi ni mchoro wa kompyuta tu. Huo unatosha. Kabla chuma hakijakatwa, watu wameshalinganisha pua ya ndege na picha za zamani, na mtengenezaji mwerevu huwaacha waseme, kwa kuwa kurekebisha mchoro hakumgharimu kama kurekebisha kalibu. Wengi wa wasemaji hao wana masanduku yasiyofunguliwa ya kuwatosha hadi uzeeni.

Mwaka 2022, Kyiv ikiwa inashambuliwa, kampuni ya ICM ya mji huohuo ilitoa MiG-29 kwa skeli ya 1/72 katika sanduku lenye jina la Mzimu wa Kyiv, rubani aliyevumishwa kuwa anaangusha ndege za Urusi peke yake. Jeshi la anga la Ukraine lilikiri mwaka huohuo kwamba rubani huyo ni hadithi. MiG-29, hata hivyo, ni ya kweli, na mabawa yake yana mita 11.36. Gawanya kwa 72, unapata milimita 158 kasoro kidogo.