Wasia, Mirathi na Mwaka wa Kuzaliwa katika Njia ya Tabora

Historia ya Tabora na ya njia ya misafara iliyoanzia Bagamoyo, ikakata Ugogo na kupita Unyanyembe hadi Ujiji, imejaa watu ambao siku zao za kufa zinajulikana vizuri ilhali miaka yao ya kuzaliwa huandikwa kwa neno "takriban". Mirambo, mtemi (mtawala) wa Wanyamwezi, alifariki tarehe 2 Desemba 1884. Mtemi Isike wa Unyanyembe alikufa Januari 1893 ndani ya ngome yake, Wajerumani walipoivamia. Hamed bin Muhammed el Murjebi, mfanyabiashara ambaye wengi humjua kwa jina la Tippu Tip, alifia Unguja Juni 1905. Tofauti hiyo haikutokana na uzembe wa wazee. Kifo cha mwenye mali kilizusha madai, na madai yakazaa karatasi, lakini mtoto mchanga hakuwa na mtu wa kumdai wala wa kudaiwa naye, kwa hiyo hakuna aliyeona haja ya kushika kalamu. Anayetafuta mwaka wa kuzaliwa hulazimika basi kuanza na karatasi za wafu na kurudi nyuma.

Njia hiyo imezoeleka sana Uingereza, ambako daftari za ubatizo, ndoa na maziko ziliamriwa kuwekwa katika kila parokia mwaka 1538, na kwa watu waliotangulia amri hiyo tegemeo kubwa limekuwa wasia, yaani hati ambayo mtu hueleza mali yake igawanywe vipi baada ya kufa kwake. Mtoto aliyeachiwa fedha kwa sharti la kutozipokea mpaka atimize umri fulani alikuwa bado mdogo siku hati ilipoandikwa, na binti aliyetajwa pamoja na mumewe alikwisha kuvuka utoto. Hata hivyo, mtafiti makini hujihadhari na ukimya wa hati hizo, kwa sababu kabla ya mwaka 1540 sheria ya Waingereza kwa kawaida haikumruhusu mtu kugawa ardhi yake kwa wasia. Ardhi ilimwendea kifungua mimba wa kiume kwa sheria yenyewe, na baba hakuwa na sababu ya lazima ya kumtaja. Anayekosekana katika wasia, kwa hiyo, anaweza kuwa ndiye mrithi mkubwa kuliko wote.

Ukimya wa namna hiyo, wenye asili tofauti kabisa, unakutwa katika hati za wafanyabiashara Waislamu waliotoka Unguja na Mrima kwenda bara. Sheria ya Kiislamu inaruhusu wasia katika theluthi moja tu ya mali, baada ya kutolewa gharama za maziko na madeni, na kwa kanuni inayofuatwa na wengi haimruhusu mtu kumwusia mrithi wake, kwa kuwa mrithi ana fungu lililokwisha kupangwa: mke hupata thumuni marehemu akiacha watoto na robo asipoacha, na mtoto wa kiume hupata mafungu mawili ya dada yake. Theluthi hiyo ndiyo iliyotumika kuacha huru watumwa, kulipia hija ya badala, kutoa kafara ya saumu zilizokosekana na kusaidia ndugu wasiorithi. Mtafiti anayefungua wasia wa tajiri wa Unyanyembe akitarajia orodha ya watoto anaweza kuufunga akidhani kwamba mtu huyo hakuzaa, kumbe watoto wote wamo katika hati nyingine, ile ya mgawanyo wa mirathi iliyopitishwa kwa kadhi, ambako kila mrithi hupewa jina lake, jina la baba na fungu lake. Kuzichanganya hati hizi mbili ni kosa linaloweza kuifuta familia nzima katika shajara ya ukoo.

Hati ya mirathi nayo haitaji umri, ila hutaja hali, na hali inaweza kugeuzwa kuwa miaka. Mrithi aliyewekewa msimamizi ni yatima ambaye bado hajabaleghe, na kwa kuwa wanasheria wengi huhesabu miaka 15 kuwa kikomo cha kungojea dalili za kubaleghe, yatima wa mwaka 1860 hawezi kuwa amezaliwa mbali nyuma ya 1845. Kinyume chake, mtu anayejitokeza mwaka 1865 kama shahidi, au kama mdaiwa aliyeahidi kulipa pembe kwa uzani fulani atakaporudi kutoka bara, lazima alikuwa mtu mzima mwenye akili timamu, kwa hiyo alizaliwa kabla ya 1850 au karibu na hapo. Hati za deni ni nyingi kuliko wasia, kwa sababu biashara ya msafara iliendeshwa kwa mkopo wa matajiri wa Kihindi wa Unguja, na mwanahistoria Thomas McDow, katika kitabu chake cha mwaka 2018 juu ya madeni na safari za magharibi ya Bahari ya Hindi, ameonyesha jinsi karatasi hizo zinavyoweza kufuata nyayo za watu wasiotajwa mahali pengine popote. Mapigano pia huweka mpaka: mfanyabiashara Khamis bin Abdallah aliuawa Agosti 1871 Mirambo aliposhambulia Tabora, na mtoto yeyote wa mtu aliyeanguka siku ile, hata kama alikuwa bado tumboni, alizaliwa kabla ya mwaka uliofuata kumalizika. Ikumbukwe tu kwamba miaka ya Hijria hufuata mwezi na ni mifupi kwa siku kama 11, hivyo anayesemwa kuwa alikufa na miaka 66 ameishi miaka 64 tu ya kalenda ya jua.

Mfano unaofaa kupimwa kwa njia hii ni Tippu Tip mwenyewe, ambaye aliandika maisha yake kwa Kiswahili cha hati za Kiarabu, na Mjerumani Heinrich Brode akayatoa Berlin mwaka 1902 na 1903 pamoja na tafsiri. Humo anasema kwamba alianza safari za karibu za sandarusi akiwa na miaka 12, na kwamba alipofika miaka 18 baba yake, Muhammed bin Juma, alikuja kutoka Tabora na kumchukua bara, akaugua ndui njiani katika nchi ya Ugangi. Mwaka hautajwi. Lakini baba huyo alikuwa na nguvu Tabora kwa kuwa alimwoa Karunde, binti wa Mtemi Fundikira, na vita vya Mnywa Sele, mrithi wa Fundikira, vinakuja baadaye katika simulizi. Wasafiri Waingereza Burton na Speke walifika Kazeh, mahali palipo sasa ndani ya Tabora, tarehe 7 Novemba 1857, na Burton alimkuta Fundikira akitawala; Speke aliporudi mwanzoni mwa 1861 alikuta Fundikira amekufa, Mnywa Sele amerithi na kufukuzwa, na Mkasiwa amewekwa mahali pake. Safari ile ya ujana haiwezi basi kuwa baada ya 1860, na kijana wa miaka 18 hawezi kuwa amezaliwa baada ya mwanzo wa miaka ya 1840. Mpaka wa mbele umepatikana; wa nyuma haupo katika mnyororo huu, na ndiyo maana vitabu hutofautiana, vingine vikisema 1832, vingine 1840, na vingi vikitulia 1837. Kuandika 1837 bila "takriban" ni kujipa uhakika ambao simulizi lenyewe halikuutoa.

Kwa watemi wa Kinyamwezi hakuna hata karatasi ya kuanzia, maana maneno ya mtemi aliyekaribia kufa yalisikiwa na wazee wa ikulu na kubaki vinywani mwao. Mwaka wa kuzaliwa wa Mirambo, unaokisiwa kuwa 1840, unakubaliana na jicho la msafiri Stanley, ambaye alikutana naye Aprili 1876 na kumdhania kuwa na miaka kama 35, na yafaa kuona jinsi makisio ya wageni yanavyopenda tarakimu zinazoishia na tano au sifuri. Majina ya wenyeji yana taarifa ya aina nyingine: Kulwa na Doto ni pacha, Shija ni anayewafuata, na Mabula hukumbusha mvua. Jina hueleza mfuatano na majira, lakini ni masika ya mwaka gani, jina haliwezi kusema. Kwa vizazi vya karibu matukio makubwa hufanya kazi ya kalenda, kama siku Wabelgiji walipoingia Tabora, 19 Septemba 1916. Hata Waingereza wa kale walitegemea kumbukumbu za namna hiyo: mrithi wa ardhi iliyoshikwa moja kwa moja kutoka kwa mfalme alipodai kuwa ametimiza miaka 21, watu wazima wa eneo lake waliapa mmoja baada ya mwingine kwamba wanaikumbuka siku aliyozaliwa, kwa sababu siku hiyo huyu alijenga nyumba na yule alivunjika mguu. Wanahistoria wa baadaye wamegundua kwamba sababu zile zile hurudiwa katika mashauri tofauti, jambo linaloonyesha kuwa makarani walikuwa na violezo vyao.

Ugumu mkubwa unabaki kwa watumwa walioachwa huru, ambao huonekana katika wasia kwa majina waliyopewa na mabwana zao, kama Mabruki, Faraji au Feruzi, bila jina la baba wa kweli na bila nchi. Sidi Mubarak Bombay, aliyewaongoza Burton na Speke katika njia hii, alimsimulia Speke kwamba alikuwa Myao, kwamba alitekwa akiwa na miaka kama 12, akauzwa Kilwa na kupelekwa India, na kwamba aliupata uhuru wake bwana wake alipokufa huko. Kifo cha mtu mwingine ndicho kilichomfungulia maisha yake mapya, na mwaka wa kuzaliwa kwake, unaoandikwa kuwa takriban 1820, umejengwa juu ya ile miaka 12. Tippu Tip naye anaanza hesabu yake na miaka 12. Inawezekana kwamba wote wawili walikuwa na umri huo kamili. Inawezekana zaidi kwamba 12 lilikuwa neno la kutaja ukingo wa utoto, mahali ambapo mmoja aliondoka na wajomba zake kununua sandarusi, na mwingine akaondoka kijijini kwake amefungwa kamba.