Ziba Ufa, Lakini kwa Chokaa

Siku ya Krismasi mwaka 2020, huku Birmingham tukiwa bado kwenye vikwazo vya korona, simu za watu wengi wenye asili ya Zanzibar zililia karibu kwa wakati mmoja. Video ilikuwa ileile kwenye kila grupu la familia: vumbi jeupe limetanda Forodhani, watu wanapiga kelele, na pale palipokuwa na mnara wa saa pamebaki uwazi. Beit al-Ajaib, Nyumba ya Maajabu, ilikuwa imeanguka sehemu kubwa ya mbele. Mafundi walikuwa ndani wakifanya ukarabati uliofadhiliwa na Oman. Wawili walikufa.

Kwenye kipindi tuliongea sana kuhusu huzuni. Hapa nataka kuongea kuhusu maji. Kazi yangu ni kukagua nyumba zilizoharibiwa na maji hapa West Midlands: mabomba yaliyopasuka, mapaa yanayovuja, mito iliyopanda hadi sebuleni. Ukifanya kazi hii miaka kadhaa unajifunza kwamba nyumba haianguki siku inayoanguka. Inakuwa imeshaanguka kidogokidogo, masika baada ya masika, na watu wa ndani wanahamisha ndoo tu.

Kwa hiyo historia ya Mji Mkongwe tunaweza kuisoma pia kama historia ya maji: nani aliyazuia, nani aliyaleta, na nani aliyaacha yaingie.

Nyumba inayopumua

Tuanze na wajenzi. Sehemu kubwa ya Mji Mkongwe tunaoujua ilijengwa karne ya 19, kwa vitu vilivyopatikana pale pale pwani: mawe ya matumbawe, udongo, chokaa, na boriti za mikoko. Boriti hizo haziwezi kubeba upana mkubwa, ndiyo maana vyumba vya zamani ni virefu na vyembamba, upana wake kama mita tatu hivi. Umbo la chumba cha bibi yako liliamuliwa na mti wa mkoko.

Chokaa ilipatikana kwa kuchoma mawe ya matumbawe kwenye tanuri la kuni, kisha kuyamwagia maji mpaka yalainike. Sakafu na mapaa ya bapa yalitengenezwa kwa chokaa na kokoto, halafu yakapigwa. Yaani kupigwa kweli: watu wamejipanga na vibao mikononi, wanapiga kwa pamoja huku wanaimba, siku baada ya siku, mpaka sakafu ishikane. Ile nyimbo haikuwa burudani peke yake. Ilikuwa ndiyo kipimo cha kazi, kila mtu apige sawa na mwenziwe.

Sasa sikiliza hapa, maana ndipo penye jambo lenyewe. Jiwe la matumbawe lina vitundu vingi, linanywa maji. Unguja hupata mvua ya milimita zipatazo 1,500 au zaidi kwa mwaka, karibu mara mbili ya Birmingham, na sehemu kubwa inamwagika miezi michache ya masika. Ukuta utalowa tu, hakuna namna. Mafundi wa zamani hawakujaribu kuuzuia usilowe kabisa. Waliupaka chokaa, ambayo inaruhusu unyevu kutoka tena jua likiwaka. Ukuta ulikuwa unapumua: unalowa, unakauka, unapakwa chokaa upya, mwaka unaanza tena.

Hata baraza za nje, zile tunazozipiga picha kwa ajili ya Instagram, zilikuwa na kazi yake kwenye mvua. Njia ikijaa maji, watu walipita juu ya baraza kama njia ya miguu.

Sultani na mabomba

Sayyid Barghash alitawala kuanzia 1870 hadi 1888. Alipoingia madarakani mji ulikuwa ndio kwanza unatoka kwenye kipindupindu kikali. Halafu Aprili 1872 kimbunga kikaipiga Unguja, kikazamisha vyombo bandarini na kung'oa mikarafuu mingi sana. Mwaka 1875 alizuru Uingereza. Baadaye alijenga mfumo wa kuleta maji safi mjini kutoka kwenye chemchemi zilizo nje ya mji, na mwaka 1883 akajenga Beit al-Ajaib.

Mwaka huohuo wa 1875 hapa Birmingham, meya Joseph Chamberlain alikuwa anapigania jambo hilohilo. Visima vya mji vilikuwa vichafu na watu wanakufa kwa maradhi. Bunge likapitisha sheria, na mwanzoni mwa 1876 kampuni binafsi ya maji ikawa mali ya mji. Mwaka 1904 maji yakaanza kufika kutoka bonde la Elan kule Wales, kilomita zaidi ya 110, yakiteremka kwa mwinuko wa ardhi tu. Chai unayokunywa Small Heath leo inapikwa kwa maji hayohayo.

Sisemi mmoja alimwiga mwenziwe. Ninachosema ni kwamba tumezoea kusimuliwa kuwa miji ya huku ilikuwa ya kisasa na ya kwetu ilikuwa inasubiri. Kumbe kwenye suala la maji safi, miji hii miwili ilikuwa inahangaika na swali moja, katika miaka ileile.

Beit al-Ajaib yenyewe ilikuwa mchanganyiko. Kuta za matumbawe na chokaa, lakini pia boriti za chuma, zege, na nguzo za chuma za kuzunguka veranda zake pana. Ilikuwa na umeme kabla ya nyumba nyingine yoyote Zanzibar, na baadaye ikawekwa lifti. Tarehe 27 Agosti 1896 meli za Waingereza ziliupiga mji kwa mizinga kwa muda usiofika hata saa nzima. Beit al-Hukm iliyokuwa jirani ikaharibika vibaya, na mnara uliokuwa mbele ya jumba ukabomoka. Baada ya hapo mnara mpya wa saa ukaunganishwa kwenye uso wa Beit al-Ajaib. Huo ndio mnara tuliouona ukianguka kwenye simu zetu.

Chuma na chumvi ya bahari si marafiki. Maji yakipenya mpaka kwenye boriti ya chuma, chuma kinashika kutu, na kutu inachukua nafasi kubwa kuliko chuma chenyewe. Inasukuma. Jiwe na zege vinapasuka kutoka ndani, ufa unaingiza maji zaidi, na maji yanaleta kutu zaidi. Ni duara.

Nani anapanda juu ya paa?

Baada ya Mapinduzi ya 1964 wenye nyumba wengi wa Mji Mkongwe waliondoka au walinyang'anywa. Serikali ikawaweka watu ndani ya nyumba zile, familia kadhaa kwenye nyumba iliyokuwa ya familia moja. Naomba tuliseme hili kwa utulivu, maana najua baadhi yetu tumetoka kwenye familia zilizopoteza nyumba, na wengine kwenye familia zilizopata pa kulala kwa mara ya kwanza. Hao wawili wote wanasikiliza kipindi hiki.

Kwa upande wa maji, matokeo yalikuwa haya. Kodi ilikuwa ndogo, haitoshi kununua hata bati. Mpangaji wa chini hamjui aliye juu, na paa halikuwa la mtu. Kisha vikaongezwa vyoo na jikoni kwenye ghorofa za juu, mabomba yakapitishwa ndani ya kuta ambazo hazikujengwa kwa ajili hiyo, yakavuja miaka bila kuonekana. Maji yanafuata ukuta hadi pale ncha ya boriti ya mkoko ilipochomekwa. Pale panaoza kwanza. Katikati ya boriti unaona mti mzima, mgumu, lakini ncha imekuwa unga. Siku moja sakafu inashuka.

Mwaka 1985 ikaundwa Mamlaka ya kuhifadhi na kuendeleza Mji Mkongwe. Miaka ya 1990 Shirika la Aga Khan la utamaduni likaikarabati ile Zahanati ya Kale ya Tharia Topan, ghorofa yenye roshani za mbao zilizochongwa pale Mizingani, ambayo ilikuwa imeachwa ikiharibika. Mwaka 2000 UNESCO ikauingiza mji kwenye orodha ya Urithi wa Dunia. Lakini orodha haizibi paa. Mji una majengo yapatayo 1,700, na mvua haichagui lililo maarufu. Hata Beit al-Ajaib, jengo ambalo kila mtalii alilipiga picha, kona ya veranda yake ilianguka mwaka 2012, miaka minane kabla ya ile Krismasi.

Pauni zetu na mfuko wa saruji

Hapa ndipo tunapoingia sisi.

Nyumba nyingi za kifamilia zilizobaki leo zina warithi wengi. Babu aliacha watoto saba, hao wakaacha wao, na sasa nyumba moja ya Shangani au Malindi ina wenyewe thelathini: Muscat, Dubai, Toronto, Birmingham. Kila mtu ana fungu lake kwenye mirathi, na hakuna mwenye fungu la paa. Halafu ukuta unabanduka, ami anatuma picha, watu wanachanga pauni, na pesa zinanunua saruji na rangi. Nyumba inapendeza. Picha mpya inatumwa, tunaweka vidole gumba.

Saruji ni ngumu, na maji yaliyoingia kupitia paa hayapati njia ya kutokea. Ukuta wa matumbawe uliozibwa kwa saruji unabeba maji ndani kama sponji lililofungwa kwenye mfuko wa nailoni. Chumvi inajikusanya nyuma ya lipu, lipu inabanduka na kuondoka na vipande vya jiwe, na boriti zinaoza gizani ambako hakuna anayeziona.

Wala si tatizo la Zanzibar tu. Nenda Sparkbrook au Balsall Heath, kwenye zile nyumba za matofali za enzi za Victoria ambamo wengi wetu tumekulia. Zilijengwa kwa chokaa pia. Fundi aliyejaza viungo vya matofali kwa saruji miaka ya 1970 alidhani anaimarisha ukuta. Ule ukungu mweusi kwenye kona ya chumba, ambao mama alikuwa anausugua kwa dawa kila Jumamosi, mara nyingi chanzo chake ni maji yaliyokosa pa kutokea. Na tarehe 27 Mei 2018, mvua ya milimita 58 iliponyesha ndani ya saa moja pale Edgbaston na maji yakaingia majumbani, nyumba za aina hii zilihitaji jambo moja zaidi ya yote: subira. Ondoa zulia, fungua sakafu, acha hewa ipite, kausha polepole. Ukiharakisha kupaka rangi, unayafungia maji ndani.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Sawa kabisa. Lakini methali haikusema uzibe kwa kitu gani, kwa sababu enzi hizo jibu lilikuwa moja, na kila mtoto alilijua.

Basi kama familia yenu ina nyumba kule, na mnachanga, nawapa mpangilio tunaoutumia kazini, nimeugeuza kidogo kwa ajili ya Mji Mkongwe. Kwanza, watu watoke chini ya sehemu inayolegea, na fundi aweke miimo ya kuishikilia kabla hajagusa kitu. Mafundi wawili walikufa ndani ya jengo lililokuwa linakarabatiwa, tusisahau. Pili, maji yazuiwe yanakotoka: paa, mifereji ya bati, bomba linalovuja, na vimiti vinavyoota juu ya ukuta. Tatu, bandueni saruji, mwache ukuta ukauke, hata kama ni msimu mzima. Nne, zikaguliwe ncha za boriti. Tano, chokaa. Rangi ni ya mwisho, na kama pesa zimeisha kabla ya rangi, hamjapoteza kitu. Na kabla ya yote hayo, ruhusa ya Mamlaka, maana sheria ipo.

Jambo moja zaidi haliwezi kununuliwa kwa pauni. Fundi anayejua kulainisha chokaa, anayejua kwa kidole kama imeiva, hajifunzi kwa siku moja, na kazi hii hapewi kama kila familia inaagiza saruji. Akikosa kazi, mtoto wake hatairithi. Kila mara tunapochanga, tunachagua pia ni fundi gani atakuwepo miaka ishirini ijayo.

Kwa hiyo wiki hii, kwenye grupu la familia, usiulize nyumba inaendeleaje. Utajibiwa alhamdulillahi. Uliza: mvua ikinyesha, ndoo inawekwa wapi? Kuna mtu atakujibu mara moja, tena kwa usahihi, chumba na kona. Mchango wenu uanzie hapo.