Habari za Fomu za PDF na Watumiaji wa Linux

Katika maandiko yote yampitiayo mtu wa mjini, fomu ndiyo isiyo na hiari. Kitabu hukisoma akipenda, na gazeti huliweka chini akichoka. Lakini fomu ya kodi, au ya pasi, au ya kuomba nafasi ya masomo, au ya kutaka ruhusa ya kuhamia nchi nyingine, hana budi kuijaza, na kuijaza kama ilivyopangwa na wenye kuitoa, kwa maana haki yake au wajibu wake umefungamanishwa na majibu atakayoyaandika katika nafasi zile. Siku fomu ilipoacha kuwa karatasi ya kuchukuliwa dirishani ikawa faili la kompyuta, ilikuja pamoja nayo kadhia mpya: raia alitakiwa awe na chombo cha aina fulani, kilichotengenezwa na kampuni fulani, na asiyekuwa nacho alisimama nje ya haki yake ingawa hakukosa lolote. Kadhia hiyo iliwasibu zaidi watumiaji wa Linux, ambao ni wachache sana miongoni mwa wenye kompyuta za mezani, na namna walivyoikabili kwa muda wa miaka ishirini na zaidi ni habari istahiliyo kusimuliwa kwa utulivu.

Asili ya jambo lenyewe ni Marekani. John Warnock na Charles Geschke, waliokuwa wataalamu katika maabara ya Xerox huko Palo Alto, waliondoka wakaunda kampuni ya Adobe mwaka 1982, na baada ya miaka miwili wakatoa PostScript, lugha ya kuieleza mashine ya kuchapa jinsi ukurasa utakavyokuwa. Mwaka 1991 Warnock aliandika waraka mfupi juu ya mradi alioupa jina la Camelot, akitaka hati iliyotungwa katika kompyuta moja iweze kupelekwa katika kompyuta nyingine yoyote, ikaonekana na kuchapwa vilevile bila kupungukiwa na herufi wala mstari. Tunda la mradi huo ni PDF, iliyotolewa mwaka 1993. Hapo kwanza hata programu ya kuisomea ilikuwa ya kununuliwa, kisha ikatolewa bure, na idara ya kodi ya Marekani ikawa miongoni mwa ofisi za mwanzo kuzisambaza fomu zake kwa njia hiyo.

Fomu zile za awali zilikuwa sura ya karatasi tu. Mtu alizifungua, akazichapa, akazijaza kwa mkono, akazitia katika posta. Katika hali hiyo mtumiaji wa Linux hakuwa nyuma ya mwenziwe, maana alikuwa na Ghostscript, aliyoianzisha L. Peter Deutsch mwaka 1988, na tangu 1995 alikuwa na Xpdf ya Derek Noonburg, na programu hizo zilitosha kumwonyesha ukurasa na kumchapia. Ukurasa uliochapwa haukumwuliza mtu ametokea katika mfumo gani.

Mambo yalibadilika mwaka 1996, toleo la 1.2 la PDF lilipoleta nafasi za kujazwa papo hapo katika kioo cha kompyuta. Yafaa kueleza jinsi nafasi hizo zilivyotengenezwa, kwa sababu taabu nyingi zilizofuata zimetoka humo. Kila nafasi katika fomu ina jina lake, ina aina yake, kama ni ya maandishi, ya kutia alama, ya kuchagua katika orodha au ya sahihi, na ina vitu viwili vinavyodhaniwa kuwa kimoja: thamani, yaani lile jibu lenyewe lililohifadhiwa kwa ajili ya mashine, na sura, yaani mchoro wa jibu hilo kwa ajili ya macho. Programu iliyoandika thamani isichore sura ilitoa fomu ambayo mashine huisoma kuwa imejazwa, ilhali karani aliyeifungua aliiona tupu. Watu wengi walirudishiwa maombi yao kwa sababu kama hiyo, wakaambiwa hawakuandika kitu, nao waliandika kila kitu.

Linux yenyewe ilizaliwa mwaka 1991, pale Linus Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi katika Chuo Kikuu cha Helsinki, alipotangaza kiini cha mfumo wake. Kiini hicho kikaungana na kazi ya GNU ambayo Richard Stallman aliitangaza mwaka 1983 kwa nia ya kuwapa watu mfumo mzima wa kompyuta walio huru kuutumia, kuuchunguza, kuugeuza na kuugawa. Leo kiini hicho kimo ndani ya simu za Android mikononi mwa watu wasiohesabika, na kimo katika mitambo mingi inayohifadhi fomu za serikali mbalimbali. Lakini juu ya meza za watu binafsi Linux ilibaki ya wachache, na mwenye kutunga fomu aliwaza wale walio wengi. Adobe ilitoa programu ya kusomea kwa ajili ya Linux pia, toleo la 7 likafika mwaka 2005, kisha la 8 na la 9, ila aghalabu yalichelewa nyuma ya yale ya Windows, na msimbo wake ulifichwa, hivyo kasoro iliyoonekana haikuweza kutengenezwa na aliyeiona. Toleo la mwisho, 9.5.5, lilitoka mwaka 2013, na baada ya hapo halikuja jingine.

Hata katika siku za uhai wake programu hiyo, katika Linux na katika Windows kadhalika, ilikuwa na sharti ambalo mimi naliona halikuwa na insafu. Mtu aliyeipata bure aliruhusiwa kujaza fomu na kuichapa, lakini hakuruhusiwa kuhifadhi alichokijaza, isipokuwa mtoaji wa fomu awe ameitia idhini maalumu kwa kutumia programu za kulipiwa za kampuni ileile. Mtu alijibu maswali ya kurasa nyingi, akazima kompyuta, na majibu yake yakatoweka, mpaka sharti hilo lilipolegezwa katika toleo la 11 la mwaka 2012, ambalo watumiaji wa Linux hawakuletewa.

Zito kuliko yote lilikuwa jambo la XFA. Kampuni ya JetForm ya Ottawa, nchini Kanada, ilibuni namna hiyo ya kutunga fomu kwa lugha ya XML, ikaitangaza mwaka 1999. Kampuni hiyo ikabadili jina ikawa Accelio, ikanunuliwa na Adobe mwaka 2002, na mwaka uliofuata ubunifu wake ukaingizwa ndani ya PDF toleo la 1.5. Fomu ya namna hii ina uwezo mwingi: nafasi yaweza kurefuka kadiri ya maneno, safu mpya yaweza kuongezwa kwa jina la kila mtoto, hesabu yaweza kufanywa, na majibu yaweza kugeuzwa kuwa misimbo milia ya kusomwa na mashine. Ofisi zilizipenda. Idara ya uhamiaji ya Kanada ilizitumia kwa maombi yake, na Waswahili wengi waliowafuata ndugu zao Montreal na Toronto wanazijua. Lakini faili la XFA ni PDF kwa jina zaidi kuliko kwa tabia. Ni kama bahasha: barua imo ndani kwa lugha nyingine, na juu ya bahasha pana ukurasa mmoja tu wa PDF wa kawaida, wenye tangazo la kumwambia msomaji asubiri, na kwamba yaliyomo yasipotokea basi programu yake haiwezi kuonyesha hati ya aina hii. Mwenye Linux asiyekuwa na programu ya Adobe alisubiri, na hakikutokea kitu. Zaidi ya hayo, tangazo lile lilimwelekeza apate toleo jipya la programu ya Adobe, ambalo baada ya 2013 halikuja tena kwa mfumo wake.

Tarehe 1 Julai 2008 PDF 1.7 ilitangazwa na shirika la viwango la ISO kuwa kanuni ya wote, kwa nambari 32000-1, na wengi walifurahi kwa haki, kwani tangu siku hiyo umbo la hati halikuwa tena amri ya kampuni moja. Lakini XFA ilitajwa tu katika kanuni ile. Maelezo yake yenyewe yalibaki nje, mikononi mwa Adobe. Hivyo ukurasa wa kusomwa ulifanywa mali ya umma, na fomu ya kujazwa, ile ambayo raia hawezi kuikwepa, ikabaki kwa mwenyewe. Nadhani jambo hili halikuzingatiwa vya kutosha na wale waliosifu uwazi wa PDF siku zile, maana faida ya uwazi hupimwa zaidi pale ambapo mtu hana pengine pa kwenda.

Watumiaji wa Linux hawakungoja. Mwaka 2005 Kristian Høgsberg aliitoa Poppler katika mwili wa Xpdf, ili programu nyingi zishirikiane katika maktaba moja ya kusoma PDF badala ya kila moja kunakili na kuhangaika peke yake, na kufika mwaka 2007 maktaba hiyo ilijua kujaza fomu za kawaida, zile za asili ya 1996. Evince, iliyomo katika mazingira ya GNOME, ikawapa watu uwezo huo katika toleo la 2.20 la mwaka huohuo. Okular ilitoka pamoja na mazingira ya KDE 4 Januari 2008, na kwa miaka kadhaa ilikuwa na tabia iliyowataabisha watu, kwani majibu iliyaweka pembeni katika kompyuta ya mjazaji badala ya kuyatia ndani ya faili, hata aliyelituma faili hilo alituma fomu tupu. Baadaye hilo nalo lilitengenezwa. Wakfu wa Programu Huria wa Marekani uliuweka mradi wa GNU PDF katika orodha ya mambo yake ya kutangulizwa, ukauondoa Oktoba 2011 kwa kuwa Poppler ilikwisha kutosheleza haja. Na wenzao wa Ulaya walianza mwaka 2010 kuziandikia ofisi za serikali zilizowaambia raia wachukue programu ya kampuni moja tu, wakizitaka ziondoe matangazo hayo au zitaje na programu nyingine.

Fauka ya hayo palikuwa na vyombo vidogo ambavyo nina mapenzi navyo, kwa maana vilitoka katika dharura ya mtu mwenyewe. Kilikuwapo pdftk cha Sid Steward, ambacho kwa amri moja kilimimina majibu yaliyoandikwa kando katika nafasi za fomu. Na Xournal ya Denis Auroux, mtaalamu wa hesabu, iliyokusudiwa kwa kuandika maelezo kwa kalamu ya kioo, lakini watu wakagundua kwamba waweza kuitandika fomu chini na kuandika herufi juu yake pale panapostahili, wakatoa PDF mpya. Kazi ilikuwa ya kupimia kwa jicho, mstari baada ya mstari, nayo ilitimia.

Huku kwetu mambo haya hayakuwa mageni. Disemba 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili zilizotoka katika mradi wa Kilinux, na mwaka uliofuata OpenOffice toleo la 2.0 likaweza kutunga fomu za PDF zenye nafasi za kujazwa, za aina ile ya kawaida isomwayo na kila programu. Maana yake ni kwamba uwezo wa kuitoa fomu iliyo sawa kwa watu wote ulipatikana bila malipo zaidi ya miaka ishirini iliyopita, na karani wa halmashauri yoyote aliweza kuutumia kama angefundishwa.

Fundo la XFA lilifunguliwa na watu wa kivinjari. Mozilla ilianza mwaka 2011 kuandika PDF.js, programu ya kuonyesha PDF kwa JavaScript, ikaitia katika Firefox 19 mwaka 2013. Mwaka 2017 ISO ilitoa PDF 2.0, na humo XFA iliwekwa katika mambo ya kuachwa. Lakini ofisi hazikuzibadili fomu zao kwa kuwa kanuni imebadilika, na waombaji waliendelea kuletewa zilezile. Ndipo Oktoba 2021, katika Firefox 93, fomu za XFA zikafunguka na kujazika ndani ya kivinjari, katika Linux sawa na katika Windows, bila idhini ya kununuliwa. Maktaba ya Poppler haikufika huko. Kwa hiyo mwenye Linux aliyepokea faili kutoka ofisini hulijaribu kwanza kwa Okular au Evince, na akikutana na tangazo la kumtaka asubiri, hulipeleka katika Firefox, hujaza, huhifadhi, kisha hulifungua tena alitazame kabla ya kulituma.